Marashi ya Hibo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilijua kwa yakini kwamba marashi yanaweza kuua mtu. Sikusimuliwa kama hadithi. Niliambiwa kama watoto wa miji mingine wanavyoambiwa wasicheze barabarani. Mtu mwenye kidonda kibichi, mama aliyejifungua juzi, kijana aliyetoka kutahiriwa, mtoto mwenye surua, wote hao harufu nzuri ikiwapiga, kidonda hufura, homa hupanda, na mambo huharibika. Ndiyo maana kwetu Rhamu, mji wa Wasomali upande wa Mandera, mtu wa namna hiyo alivishwa shingoni kipande cha manemane, ambayo sisi tunaiita malmal, ili ukali wake uzuie harufu nyingine zisimwingie. Sijakutana bado na daktari anayekubaliana na jambo hili. Lakini nikijikata kidole kwa kisu, mpaka leo nasita kidogo kabla ya kujipulizia marashi. Nalisema mapema msije mkaniona najifanya msomi.

Baba alikuwa na biashara ya mifugo, tukimwona kati ya safari na safari. Hooyo, yaani mama, aliuza sokoni vitunguu na nyanya za mashamba ya kando ya mto Daua. Ayeeyo, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika kila kitu kilichohusu watoto wachanga, wagonjwa na mbuzi. Halafu nilikuwepo mimi, Deka, na mdogo wangu Zakariya, wa miezi tisa.

Kati yangu na Zakariya alikuwepo Sahra. Sahra alifariki kwa surua akiwa na miaka miwili, tulipokuwa malishoni mbali na mji, akazikwa huko huko kabla ya adhuhuri. Hooyo hakuwa akimtaja. Lakini tuliporudi Rhamu, na Zakariya hajapata hata chanjo moja, alisema mbele ya watu wote wa nyumba: huyu atachanjwa. Sijawahi kumsikia akitumia sauti ile kwa mama mkwe wake, si kabla wala baada.

Watu wakisikia habari za bibi kama yule hudhani alikuwa adui wa sindano. La hasha. Ayeeyo alikuwa akidunga mbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe miaka mingi kabla sijazaliwa. Alijua sindano ni dawa. Ugomvi wake ulikuwa na lile tundu linalobaki.

"Sindano ni kidonda," alisema. "Kidogo, lakini kimefunguka. Mbuzi hakai foleni na wanawake waliojipaka marashi. Huyu mtoto atakaa."

Akakubali, ila kwa masharti. Maandalizi yalichukua siku tatu, na nasema hivi nikiwa mama ambaye maandalizi yangu hapa Garissa ni kutafuta kile kijitabu cha kliniki na kumvisha mtoto suruali inayovuka upesi. Kwanza chetezo kilitolewa nje na kufunikwa kwa sufuria. Siku tatu nyumba yetu haikufukizwa unsi, ule udi unaopikwa kwa sukari na marashi, na kwa mwanamke wa Kisomali hilo si jambo dogo. Nguo za Hooyo zilifuliwa kwa sabuni ya kipande, zikaanikwa mbali, upande unaotoka upepo wa mto. Sabuni ya kuogea yenye harufu ilifichwa, na nadhani ilifichwa vizuri mno kwa sababu hatukuiona tena. Asubuhi ya siku yenyewe Zakariya aliogeshwa kwa maji matupu, akavishwa malmal iliyoshonewa ndani ya kitambaa cheusi, kisha Ayeeyo akaponda vitunguu saumu na kumpaka kwenye ukosi wa shati. Alinuka kama jiko la hoteli. Yeye mwenyewe alifurahi, akawa anailamba kola.

Lilibaki swali la pua. Pua ya Ayeeyo ilikuwa imekufa kwa tumbaku, na goti lake halikumruhusu kufika zahanati. Hooyo alikuwa na mafua. Ikabaki yangu.

"Wewe utatangulia," Ayeeyo aliniambia. "Ukisikia harufu njiani, mama yako ageuke. Ukiisikia kwenye foleni, mhame. Mkirudi nitakuuliza wewe, si yeye."

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho, na sasa mimi ni naibu mwalimu mkuu.

Basi tukaenda. Nilitangulia hatua kumi hivi, nikivuta hewa kwa nguvu. Tuliupita mbali mtaa wa maduka ya nguo, tukazunguka nyuma ya zizi la punda, ambako Hooyo alisema hata jini asingesikia marashi. Zahanatini niliwapitia wanawake mmoja mmoja, nikiwanusa mabegani. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu msichana ana nini? Ana njaa?" Hooyo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi sikujali, nilikuwa kazini. Wengi walinuka moshi na maziwa. Mmoja alitoka harusini, na huyo tulimkimbia mpaka mwisho wa benchi, tukajikuta tumekaa karibu na Hibo.

Hibo alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ameolewa miezi michache tu, na alikuja kupimwa mimba yake ya kwanza. Kichefuchefu kilikuwa kimemshika vibaya. Alishika limau mkononi akilinusa kila mara, na hakuna kingine alichonuka. Nilimnusa mara mbili, kwa kuwa alikuwa bibi harusi na nilimshuku.

Zamu yetu ilipofika Hooyo hakuweza kutazama. Alimpa Hibo mtoto, akageukia ukuta. Hibo akampakata Zakariya, akambana miguu kwa upole, huku nesi akimchoma paja hili na paja lile. Nesi alikuwa kijana wa upande wa Kitui, mpole.

"Mama, homa itakuja kidogo," alimwambia Hooyo. "Mguu unaweza kufura. Mpe hii dawa, nusu kijiko. Usiogope. Baada ya wiki nne umrudishe, bado ana sindano nyingine."

"Homa nakuja, halafu naisha?" Hooyo akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Inaisha, mama. Siku mbili, tatu."

Nyumbani Ayeeyo alinikalisha mbele yake. "Harufu?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Ayeeyo. Wallahi."

Akaniombea dua ndefu, na nilivimba kichwa mchana kutwa.

Alasiri homa ikaja. Kufikia magharibi paja la kushoto lilikuwa limefura na kuwa gumu, na Zakariya alilia ukimgusa, akalia usipomgusa. Kesho yake alikuwa bado wa moto. Ayeeyo alilipapasa lile paja kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akipapasa mguu wa mbuzi, kisha akafikiri. Hakuwa mjinga. Alifikiri kama mtu anayetafuta mnyama aliyepotea: kama hayuko huku, yuko kule.

"Marashi hayakuwepo," alisema. "Deka amenusa. Basi ni sindano yenyewe. Hatarudi tena."

"Daktari alisema homa itakuja," Hooyo akasema.

"Hata muuza mbuzi hukuambia mapema kwamba mbuzi wake anakohoa kidogo tu."

Baba akapigiwa simu huko Mandera. Nilimsikia Ayeeyo akimweleza, akamsikiliza, kisha akasema, "Naam, na mimi naona hivyo hivyo." Hooyo hakupewa simu.

Hooyo alikwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia bila sauti. Nilimfuata. Hakuniangalia. Alisema, kama anauambia ukuta, "Atakuwa wa pili." Hapo niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa marashi, kwa sababu Sahra nilimkumbuka, na nilikumbuka jinsi alivyokuwa akinifuata nikienda kuteka maji.

Ningependa kusema nilipiga hesabu. Sikupiga hesabu yoyote. Nilirudi ndani, nikasimama mbele ya Ayeeyo, nikasema, "Ayeeyo, nilikudanganya. Marashi yalikuwepo."

"Ya nani?"

Loo! Sikuwa nimefikiria kwamba uongo huo ungehitaji mtu.

"Hibo," nikasema. "Ndiye aliyempakata. Alijipaka shingoni."

Nilingoja kofi. Halikuja. Uso wa Ayeeyo ulifunguka wote, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu, na sasa ndiyo naelewa kwamba naye alikuwa akiogopa. Naye alimzika Sahra. Alitaka sindano iwe nzuri kama Hooyo alivyotaka, ila alihitaji kosa liwe na mahali pa kukaa. Malmal ikaunguzwa, mtoto akafukizwa, vitunguu saumu vikapondwa upya. Hooyo akaendelea na ile nusu kijiko kimyakimya. Siku ya tatu homa ikaondoka, kama alivyosema nesi na kama alivyosema Ayeeyo, kila mmoja kwa sababu yake.

Cheo cha pua nilivuliwa. Baada ya wiki nne Ayeeyo alikwenda zahanati mwenyewe, amepandishwa juu ya mkokoteni wa punda, na kabla mtoto hajavuliwa suruali alimkabili nesi kwa Kiswahili chake: "Wewe nanuka fizuri leo?"

Kijana wa watu akajinusa kwapa. "Hapana, mama."

"Haya. Choma."

Zakariya akapata sindano zake moja baada ya nyingine. Surua ilipita Rhamu baadaye, ikaingia nyumba za watu tuliowajua, na kwetu haikuingia. Sitaki kuongeza neno hapo.

Ila Ayeeyo hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulijua kwamba Hibo alikwenda zahanati amejipaka marashi na kumpakata mtoto mwenye kidonda. Hakuna aliyemtukana. Yalikuwa mambo madogo tu. Akifika kwa mzazi aliambiwa, "Hibo, abaayo, dada yangu, kaa hapo mlangoni, kuna upepo mzuri." Watoto wachanga waliokuwa wakizungushwa mikononi mwa kila mwanamke walimruka yeye. Alipojifungua, mwenyewe mzazi mchanga, wanawake walimletea chakula wakakiweka na kuondoka, kwamba nyumba yake huenda ina marashi. Binti wa watu alikaa arubaini yake na mama mkwe peke yake.

Kabla ya hapo alikuja kwetu mara moja. Nilikuwa nimechuchumaa nachambua vitunguu vya kupeleka sokoni.

"Abaayo," alimwambia Hooyo, "wallahi siku ile sikujipaka kitu. Harufu ya sabuni tu ilikuwa ikinitapisha. Nijipake marashi, mimi?"

Hooyo akaniangalia. Nami nikakiangalia kitunguu. Najua kwamba alielewa yote wakati ule ule, maana aliinuka akammiminia Hibo chai ambayo hakuwa ameiomba. Zilikuwa zimebaki sindano mbili.

"Watu husema mengi, abaayo," alijibu mwishowe. "Yatapita."

Hibo akamaliza chai yake, akaenda. Hayakupita. Baada ya mwaka mmoja au miwili mumewe alihamisha nyumba.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na kwa kweli sikukaa nalo kwa uchungu sana. Nilijiambia nilikuwa mtoto. Nilijiambia Zakariya ana ndevu sasa na anauza simu Mandera, na aibu ya mwanamke mmoja si kitu mbele ya hilo. Niliwahi kumuuliza Hooyo kama alijua. "Nilijua," akasema, na akaniomba nimpitishie sukari.

Kisha mwaka jana nilimpeleka binti yangu chanjo hapa Garissa, na aliyekaa kwenye benchi na mjukuu mapajani alikuwa Hibo. Alinitambua yeye kwanza. Tulisalimiana, tukaulizana habari za Rhamu, na sijui ni kitu gani kilinisukuma, nikamweleza. Nilianza na cheo changu cha pua, na hapo alicheka mpaka mjukuu akaamka. Nikamweleza habari za paja, na simu ya Baba, na Hooyo juu ya ndoo, na jina nililolitaja. Kicheko kikaisha.

Alimtikisa mtoto mpaka akalala tena. Nilidhani atahama benchi, na nisingemlaumu.

"Kumbe ilikuwa hivyo," alisema. "Na mama yako alijua."

"Alijua."

"Sasa mbona hakuja? Mlango wangu ulikuwa hapo hapo. Angeniambia, 'Hibo, mtoto wangu hatachanjwa, kubali ulijipaka.' Ningekwenda mimi mwenyewe kwa yule bibi yenu nikakubali. Ningemwambia nilijimwagia chupa nzima."

Alisema bila hasira, na ndipo machozi yaliponitoka, mbele ya foleni nzima. Nesi akaita jina la binti yangu. Hibo akanyoosha mkono ulio huru, akasema nimpe begi anishikie, nikaingia.

Hooyo alimlilia mwanawe nyuma ya jiko, upande wa pili wa ukuta ule ule uliotutenga na Hibo, na katika yote tuliyoyafanya, mimi na yeye, la kumwomba Hibo halikutujia kabisa.