Tone la Kwanza Huenda Chini

Taabu yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na umri wa miaka tisa, siku watu wa kijiji chetu huko Kilolo walipomfukuza bibi yangu kwa kosa la kuwapa wafu kinywaji.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alikufa akinizaa, baba alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, nadhani bado anachimba. Bibi alikuwa na mianzi bondeni, akigema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Msimu ukianza, kibuyu cha kwanza hakikunywewa na mtu. Alikipeleka kaburini kwa babu, akarusha unga wa ulezi, akamwaga kidogo, halafu akaanza kumsema.

"Wewe mzee, ulanzi huu hapa. Mwaka jana nilikuomba mvua, ukaleta mawe. Au huko nako umepata mwanamke hutusikii?"

Ndivyo alivyosali bibi yangu. Hakupiga magoti. Alisimama ameshika kiuno.

Kwetu Wahehe wafu wa ukoo tunawaita masoka, na hawakai mbali. Wako hapo hapo nyuma ya nyumba, wana njaa, wana wivu, wakisahauliwa wanakasirika. Ni ndugu tu kama ndugu wengine, ila hawaji kukopa. Lakini mwaka ule mtoto wa jirani alikufa kwa surua, na watu wakakumbuka kwamba bibi anaongea na makaburi. Walikuja mchana, wengine wametoka kwenye ibada. Waliezua nyasi za nyumba yetu huku tukiwa ndani. Ninakumbuka jua lilivyoingia chumbani kidogo kidogo, likamfikia bibi usoni, naye hakusogea.

Tukaenda Nyololo, tukauza ulanzi kando ya barabara kwa madereva wa malori. Bibi alifia pale kabla sijavunja ungo. Akazikwa bila msalaba, kwa sababu waliohusika na misalaba walikataa.

Shule niliishia darasa la tatu. Nimeuza ulanzi, nimebeba mbao kichwani, nimechana mbao, nikanunua mbao, nikauza mbao, nikajenga. Leo wenye digrii wananiamkia. Ninaitikia marahaba polepole, ili ifike vizuri.

Sasa, mwaka juzi alikuja mpangaji katika nyumba yangu ya Iringa, ile ya Kihesa, ambayo mimi mwenyewe ninakaa uani. Mwanamke mweusi kunizidi, mtaalamu wa kilimo cha parachichi, ametokea Haiti. Haiti sikuijua. Nilidhani ni wilaya ya Malawi. Kiswahili alijifunzia Mbeya, kwa hiyo aliongea kama Wanyakyusa wanavyoongea, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Wiki ya kwanza niliingia kuangalia bomba linalovuja, nikakuta amemwaga unga wa sembe sakafuni. Si kumwaga ovyo, amechora: mistari, nyota, fimbo, msalaba. Nikasema moyoni, huyu ana wazimu, watu wanatafuta ugali. Nikachukua fagio, nikafagia wote.

Aliporudi alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mama! Umefagia mlango!"

"Mlango si huo umeushika?"

"Huo ni wangu mimi. Huu wa unga ni wao, ndiyo wanaingilia."

"Akina nani? Maana mkataba umeandikwa mtu mmoja."

Alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo alipoanza kunieleza habari za Vodou, na mimi nikaegemea fagio.

Alisema watu wao waliibwa huku Afrika, zaidi upande wa magharibi, na wengine Kongo, wakafungwa minyororo, wakavushwa bahari kwenda kulima miwa ya Wafaransa. Waliwavua nguo na majina. Wakawabatiza kwa lazima na kuwaambia, mungu wenu ni huyu. Wao wakasema ndiyo bwana. Usiku wakawaficha miungu wao wa Afrika nyuma ya picha za watakatifu wa Kikatoliki. Mzungu akipita anaona mtakatifu mzee mwenye ufunguo, anafurahi. Kumbe wao wanamwona Legba, mzee wa njia panda, ambaye bila yeye kufungua njia hakuna anayepita. Mungu Mkuu yupo, lakini yuko mbali, hana muda wa kusikiliza habari za kuku wako kupotea. Wanaoshughulika na kuku ni hawa wanaoitwa lwa. Ukiwapigia ngoma vizuri, mmoja anapanda mtu kichwani kama mtu anavyopanda farasi, anaongea kwa mdomo wake, anakula, anadai sigara.

"Sisi tukifa," akasema, "roho inashuka chini ya maji, inarudi Afrika."

"Na wewe mbona umekuja ukiwa hai?"

"Nimewahi siti, mama."

Nikampenda kuanzia hapo. Akaniambia pia kwamba watumwa wale walikula kiapo msituni, mbele ya lwa wao, kisha wakawachapa mabwana zao wakawafukuza kisiwani. Nikamwambia hilo si geni, babu zetu Wahehe nao waliwachapa Wajerumani. Akaniuliza, wakawafukuza? Nikamwambia tubadilishe mazungumzo.

Kuhusu maiti anayefufuka na kumkimbiza mzungu kwenye sinema, na mwanasesere wa kuchomwa sindano, aliniambia hayo ni ya wauza tiketi. Yeye hakuwa na mwanasesere. Alikuwa na mshumaa, picha ya bibi yake, kikombe cha kahawa na maneno mengi.

Basi ikafika tarehe mbili Novemba, siku ambayo Wakatoliki wa hapa wanasafisha makaburi na kuwaombea marehemu. Kwao Haiti siku hiyo ni ya Gede, lwa wa wafu. Na huyu Gede, jamani, hana adabu hata kidogo. Ni mlevi, anatukana matusi ya chumbani, anacheza kiuno mbele ya wakwe. Anasema, nimeshakufa, mtanifanya nini? Mpangaji wangu akavaa kofia nyeusi ya kiume, kitambaa cha zambarau, miwani ya jua yenye kioo kimoja, akajipaka unga usoni. Akatia pilipili kichaa kwenye chupa ya pombe kali, maana ndiyo anayokunywa Gede. Akawasha redio, akaanza kucheza uani saa nane mchana.

Jirani yangu wa ukutani alikuwa anaanika nguo.

Kabla wimbo wa pili haujaisha, getini palijaa watu. Mbele alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, jirani yangu mwingine, wa siku nyingi. Nyuma yake balozi wa mtaa, bibi mmoja mwenye mkongojo anayekaa kona, na vijana wa bodaboda. Kijana mmoja alishika chupa ya soda. Harufu yake haikuwa ya soda. Ilikuwa petroli.

"Mama, mtoe huyo," akasema mzee wa kanisa. "Anaita majini mchana kweupe."

"Majini gani yanacheza rumba?"

"Usilete masihara. Atoke leo, na vitu vyake vichomwe. Ukikataa, sisi tutaingia."

Mpangaji wangu alizima redio, akasimama na ile kofia yake. Hakukimbia. Alisimama vile vile, na jua likimpiga usoni palipopakwa unga. Hapo nikaona tena nyasi za kwetu zinaezuliwa. Nikajua kwamba akitoka getini siku hiyo, bibi yangu atakuwa amefukuzwa mara mbili.

Mwaka ule mvua ziliwahi na mianzi ilishaanza kutoa. Asubuhi nilikuwa nimeletewa ndoo ya mtogwa, ulanzi ule mtamu wa siku hiyo hiyo, usiolewesha, ambao hata wachungaji wanakunywa na kuomba wafungiwe wa kuondoka nao. Na sisi tuna mila: mwenye nyumba akikupa ulanzi, hukatai. Ukikataa umemwambia ana sumu, na hilo ni tusi zito kuliko kumwita mchawi.

Nikabeba ndoo, nikaiweka getini. Nikasema, "Mmekuja kwangu, karibuni. Tunywe kwanza, kisha mchome."

Wakatazamana. Nani atakataa?

Nikampa mpangaji kikombe aanze, ili waone hakuna sumu. Akainamisha kikombe, akadondosha tone chini, ndipo akanywa.

"Mmeona!" akapiga kelele mzee wa kanisa. "Mmeona anavyomwaga! Anawapa mashetani!"

"Nimeona," nikasema. "Zamu yako, mzee wangu."

Akapokea kwa hasira. Akapuliza povu. Na mkono wake, ule ule unaoshika kapu la sadaka kila Jumapili, ukainama wenyewe, ukadondosha tone chini. Kisha akanywa.

Wote wakatazama chini, pale tone lilipoanguka.

"Umemmwagia nani?" nikamuuliza.

"Nani? Mimi? Nilikuwa natoa nyuki."

"Yuko wapi huyo nyuki?"

"Ameruka."

Balozi akakohoa, nikaona mabega yanamcheza. Akapokea yeye, akadondosha tone, akasema, "Na mimi naona kuna nyuki." Kikombe kikafika kwa yule kijana. Akakibeba kwa mkono wa pili, chupa yake bado ameishika, akakipeleka moja kwa moja mdomoni. Yule bibi wa kona akamchapa mguu kwa mkongojo.

"We mtoto! Hukufundishwa kwenu? Mwaga kwanza! Unakunywa mbele ya wakubwa waliolala?"

Kijana akamwaga. Ili amwage vizuri, akaweka ile chupa chini. Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache, kisha hata jirani mwenye nguo mbichi begani. Mpangaji wangu akainua miwani yake ya kioo kimoja, akanyoosha mkono. "Na Gede je? Mnammalizia?" Bibi wa kona ndiye aliyemmiminia.

Hawakuingia. Mzee wa kanisa aliondoka wa kwanza, midomo ikiwa bado na povu.

Lakini alinishtaki, usidhani. Mchungaji akaniita, akasema nitatengwa na meza ya Bwana mpaka mpangaji ahame. Nikamwambia meza nitaisubiri, mpangaji hahami. Nikakaa nyuma kabisa kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, na kofia yangu nzuri. Halafu paa la kanisa likaanza kuvuja, wakahitaji mbao. Ikakumbukwa kwamba nimetubu.

Bibi yangu nilikuwa namtembelea kila mwaka pale Nyololo kwa kujificha, kama mwizi wa mahindi. Msimu ule nilikwenda na mpangaji wangu mchana, mbele ya madereva, na kibuyu kilichojaa. Nikasimama nimeshika kiuno. Nikamwambia, "Bibi, ulanzi huu hapa. Umechelewa, majirani wamekutangulia, nisamehe, na wewe acha kununa. Safari hii hawakuezua." Mpangaji akachora mlango wake wa unga pembeni. Sikuufagia.

Leo nina nyumba mbili Iringa na moja Mbeya. Nina shamba la miti Mufindi. Nina mashine ya kuchana mbao, inakohoa lakini inachana. Nina ng'ombe wa maziwa wawili. Nina miparachichi aliyonipandia mpangaji wangu, ambaye mkataba wake wa kazi uliisha na akaondoka kwa hiari yake, kupitia getini, amebeba vitu vyake vyote. Nina kofia nyeusi ya Gede, aliniachia. Nina kaburi moja Nyololo, la saruji, halina msalaba, lina tundu dogo juu la kumwagia.