Chapa Juu ya Uso wa Mama

Kiharusi kilimlegeza mama mkono wa kulia na kumfunga ulimi. Akili haikuguswa. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, na hakuweza kujibu. Kwa mwanamke aliyeishi kwa kusema, ilikuwa adhabu.

Mama alikuwa mwalimu. Sebuleni kwetu Kisugu, mtaa wa Kampala, kila alasiri, aliwafundisha wanawake kusoma na kuandika Kiswahili. Wengi walikuwa wake wa polisi, watu wa kaskazini, Wakristo kwa Waislamu, ambao walikisikia Kiswahili kambini kila siku lakini hawakuwahi kukiona kimeandikwa. Majirani walimwambia Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na majambazi, afundishe Kiingereza kama anawapenda hao wanawake. Alikuwa akiwajibu, "Babu yangu aliuza nguo mjini hapa kwa lugha hii, na hakumwibia mtu." Kisha anafungua mlango na kuwaita wanafunzi ndani.

Masomo yale tuliyarekodi kwa kamera ndogo. Mama ndiye aliyetaka, kwa sababu polisi huhamishwa, na mwanamke akimfuata mumewe mbali, somo lake hukatika katikati. Mimi nilishika kamera, tukachoma masomo kwenye diski, na mwenye kuhama akaondoka na yake. Baadaye diski zikatoweka madukani, kamera ikafa, na faili zikabaki kwenye kompyuta yangu kuukuu bila mtu wa kuziangalia.

Baada ya kutoka hospitali, mama alilala ameelekea ukutani. Chai ilipoa mezani. Nikaona dawa yake ni kujisikia akifundisha. Nilijaribu kuzihamishia faili kwenye simu nimwekee pale kitandani. Simu ikakataa. Nyingine zilitoa sauti bila picha, nyingi hazikufunguka kabisa.

Nilizipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alizitazama akatikisa kichwa. "Nnyabo," aliniita kwa heshima ya Kiganda, "hizi za zamani. Simu za siku hizi hazizijui. Nunua programu ya kuzibadilisha, au achana nazo."

Programu aliyonionyesha ilikuwa na toleo la kujaribia. Nililipakua nyumbani, nikaiwekea faili moja, nikasubiri. Ilifunguka vizuri kwenye simu, rangi safi, sauti safi. Ila katikati ya picha, kutoka pembe hadi pembe, palikuwa na chapa ya kampuni kwa herufi kubwa nyeupe. Ilipita juu ya mdomo wa mama. Kila alipofungua kinywa, maneno yao yalikuwa yamemziba.

Nilikaa nikiitazama picha ile, hasira ikinipanda. Kiharusi kimeshamziba mdomo, sasa na hawa? Kwenye picha yake mwenyewe, sebuleni kwake mwenyewe? Niliifuta programu ile. Nikaapa kwamba mama hataonekana mbele ya mtu na jina la kampuni usoni, na kwamba sitawalipa watu ili waondoe kitu ambacho wao wenyewe wamekibandika.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ana duka la vitambaa Nateete, upande mwingine wa mji, alinikuta nahangaika na kompyuta.

"Dada, ziache hizo," alisema. "Watu watamkumbuka mama alivyokuwa, hata bila hizo."

"Bado yupo, kaka. Yupo chumbani humo na anakusikia."

Alishusha sauti. "Ndiyo maana nasema. Unataka ajione alivyokuwa zamani aumie?"

"Tutamuuliza yeye."

"Atakujibu vipi?"

Niligeukia kompyuta yangu nikaendelea.

Nilitafuta kwenye mtandao mpaka nikaipata programu iliyotengenezwa na watu wanaoigawa bure kabisa, bila chapa na bila kukuuliza wewe ni nani. Haikuwa na vitufe vya kupendeza. Ilikuwa ni dirisha jeusi unaloliandikia amri. Mimi kazi yangu ni kuchapa barua na vyeti vya watu kwenye kibanda cha uchapaji, kwa hiyo kuandika hakunitishi. Nilisoma maelezo polepole mpaka nikaelewa jambo lenyewe: ndani ya faili kuna picha na kuna sauti, kila kimoja kimefungashwa kwa mtindo wake, na simu isipoujua mtindo huo haifungui. Kazi ni kufungasha upya kwa mtindo inaoujua.

Faili ya kwanza ilitoka sauti ikiwa mbele ya picha. Mama alikuwa anacheka kabla hajafungua mdomo. Niliifuta nikaanza tena. Umeme ukakatika katikati ya kazi, nikapata nusu ya somo isiyofunguka. Nikaanza tena. Mwishowe niligundua kwamba nilikuwa nimeiamuru programu ibadilishe kasi ya picha bila sababu yoyote. Nilipoiacha kasi ileile ya kamera, mdomo na sauti vikakutana.

Nikaingia chumbani na simu.

Lilikuwa somo la L na R. Kwenye picha mama amesimama na chaki, anawaambia wanafunzi wake, "Siku ya uchaguzi tunakwenda kupiga kura. Ukiandika kupiga kula, umewapeleka watu kwenye pilau." Wanawake wote wakaangua kicheko, na mmoja akasema, "Mwalimu, pilau pia tunataka."

Mama aligeuka kutoka ukutani. Alitazama mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akaupiga mto kwa mkono wa kushoto, mara nyingine tena, akinikazia macho. Nilidhani ameumia. Nikataka kuizima simu, akanishika kiganja. Alikuwa anataka nirudie.

Siku ile alikunywa chai yote.

Habari zikafika kwa mwanafunzi wake mmoja, mke wa polisi aliyekuwa amehamia mbali na sasa amerudi mjini. Alikuja akaketi kando ya kitanda akaomba kuona. Alitazama akilia na kucheka pamoja.

"Mwalimu," alimwambia mama, "hii ndiyo ile somo mimi nilikosa. Walituhamisha kabla. Sasa kama wewe hawezi kusema, ile ya kwa simu itasema, na wewe utaangalia sisi kama tunakosea. Si ni sawa?"

Mama akatikisa kichwa kukubali.

Hivyo ndivyo darasa lilivyorudi. Nilibadilisha faili moja baada ya nyingine, za picha na za sauti tupu, nikazituma kwa waliokuwa mbali. Waliokuwa karibu walikuja sebuleni. Mama aliketi kwenye kiti mbele yao, kompyuta pembeni yake. Akiinua mkono wa kushoto, nasimamisha. Anaonyesha kidole kwenye daftari la mtu, na mtu huyo anajua amekosea.

Kaka alitukuta siku moja. Alisimama mlangoni kwa ndani, viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mnamfanyia mzaha," alisema. "Mgonjwa kawekwa kitini kama pambo, mashine inasema badala yake. Nyumba hii ina heshima zake."

Wanawake wakainamisha vichwa. Mimi nilifungua mdomo kumjibu, lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba chaki. Nikamsogezea ubao mdogo mapajani. Aliandika kwa mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuutumia kuandika maishani, taratibu, herufi zikipanda na kushuka: NIACHE NIFUNDISHE.

Aliugeuza ubao umwelekee mwanawe na kuushikilia hivyo mpaka alipohakikisha amesoma. Kaka akasoma. Akatoka bila kuaga.

Baada ya hapo mama aliionyesha simu yangu kwa kidole, kisha akajionyesha yeye mwenyewe. Sikuelewa mara moja. Akarudia. Alitaka nimrekodi kama alivyo sasa, na mdomo wake uliopinda.

Nilimrekodi akiandika sentensi kwa mkono wa kushoto, na wanawake wakizisoma kwa sauti. Yeye mwenyewe hasikiki hata neno moja. Anasikika tu akigonga ubao kwa chaki wanapokosea. Simu ilihifadhi somo lile kwa mtindo mwingine mpya ambao simu nyingi za wanafunzi wetu hazikuufungua, kwa hiyo nikalipitisha kwenye dirisha langu jeusi kama yale mengine. Lilitoka safi, bila chapa.

Nililituma kwa wote. Kaka naye nilimtumia.