Mwalimu Aliyetugawia Maneno

Habari ya kifo chake niliipata sokoni, tena nikiwa miongoni mwa watu wa mwisho kuipata, jambo ambalo angelisikia mwenyewe angecheka. Katika darasa lake la Kiingereza mimi ndiye niliyekabidhiwa neno «news» nilichunge, na maana yake, kama tulivyokubaliana siku ile, ni jambo ambalo jirani yako analijua kabla yako. Basi nilikuwa nasukuma baiskeli yangu kati ya meza za unga na za mafuta ya mawese, mama mmoja anayeuza samaki wakavu akaniita kwa neno langu, kama ilivyo desturi yetu sisi wanafunzi wake. «News, simama kwanza. Malimu ametuacha. Asubuhi hii, kule hospitali.» Nilisimama. Akanisogezea kibao nikae, akaendelea kufukuza nzi juu ya samaki wake huku machozi yakimtoka bila kuyajali. Nilimpenda sana mwalimu yule, na ninaona heri niseme hivyo mapema kabla sijaanza kuzunguka, maana wasomaji wa safu hii wanaijua tabia yangu.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza cha kuanzia, kile cha watu wazima wanaokuja darasani wakinuka moshi na jasho la shamba. Alizaliwa hapa Kamina, nyuma ya gare, kituo chetu cha treni, baba yake akiwa karani wa reli aliyetoka Kasai. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, familia yake nayo ilipanda treni pamoja na vyungu na magodoro, yeye akiwa kijana ambaye ndevu hazijamjaa. Akakaa Kasai, akaenda Zambia, akajifunza Kiingereza huko akipakia na kupakua malori, kisha siku moja akashuka gare yetu akiwa na sanduku moja. Hakuna aliyemwita, naye hakueleza. Akapanga chumba katika mtaa uleule aliozaliwa, akaomba ukumbi mdogo wa parokia saa za alasiri, na habari zikatembea kwamba kuna mtu anafundisha Kiingereza. Wengi tulicheka. Mji huu una Kiluba cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni, Kifaransa cha ofisini na Kilatini cha wazee wa kwaya. Kiingereza tukipeleke wapi? Lakini karatasi zilizomo ndani ya paketi za dawa zimeandikwa Kiingereza, simu zetu zinatutukana kwa Kiingereza, na bidhaa zote zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia zinafika zimevaa Kiingereza. Watu wakaanza kwenda, na mimi nikaenda.

Kazi yake aliifanya kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Neno moja kwa alasiri moja, mara chache mawili. Aliliandika ubaoni, akalisoma, akatuonyesha linavyotumika, kisha akaketi kati yetu na kusema, «Sasa mulifasiri.» Sharti lilikuwa hili: neno lifasiriwe kwa maneno ambayo kila mtu ukumbini anayo tayari. Ukitumia neno gumu kuliko lile linalofasiriwa, aligonga benchi kwa kifundo cha kidole. «Umemupatia mugeni mugeni mwenzake amuonyeshe njia. Bote babili batapotea.» Tungeweza kubishana alasiri nzima. Hakuna maana iliyopita mpaka kila mtu, hata yule mzee aliyesinzia karibu na mlango, aseme imeingia. Ikishapita, mwalimu alichagua mtu mmoja, akamwekea kipande cha chaki kiganjani, akamfunga vidole, na mtu huyo akawa mlinzi wa neno. Kuandika maana kwenye kayee, yaani daftari, alikataa. Aliyesahau alipaswa kumtafuta mlinzi, iwe sokoni, shambani au hata msibani, akamwulize. Ndiyo maana ukipita Kamina leo utasikia watu wazima wakiitana Mama Dry na Papa Bridge, ukadhani tumepata wazimu.

Huyo Mama Dry ndiye muuza samaki niliyemtaja. Alikimbia kutoka upande wa Malemba-Nkulu wakati watu wa silaha walipowakosesha usingizi, akaja hapa na ujuzi wake wa kukausha samaki, ndiyo sababu mwalimu akampa neno hilo. Maana aliyoitoa yeye mwenyewe: kitu ambacho maji yamekitoka. Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mwenzetu mmoja dereva wa lori, na siku moja akiwa Kasumbalesa amebeba makartoni ya mwenye duka wa hapa, aliona yameandikwa maneno mawili, «keep dry»; «keep» analijua, «dry» limemponyoka. Wingu lilikuwa linakusanyika. Akampigia simu Mama Dry katikati ya soko, na sisi tuliokuwepo tukamsikia mama akipaza sauti huku kidole kimoja kiko sikioni: «Njo samaki yangu! Samaki yangu iko namna gani? Maji imeitoka, hapana? Basi na ile karto, maji isiingie. Weka bashi, papa, weka bashi mbiyo!» Dereva akafunika kwa turubai, mvua ikanyesha, mzigo ukafika salama. Mama Dry alitembea wiki nzima kama aliyebatizwa upya. Mwalimu alipoelezwa hakusifu Kiingereza cha mtu yeyote. Alisema tu kwamba sasa dereva na muuza samaki wana sababu ya kusalimiana.

Nimefikiri sana juu ya kauli hiyo. Tunaishi katika mji ambao ofisi zake zinabandika matangazo yasiyoeleweka hata na aliyeyapiga muhuri, na mtu akiuliza maana anajibiwa kwa neno refu zaidi ili aone haya na kuondoka. Tumezoea kuamini kwamba neno gumu ni la wakubwa na jepesi ni la watoto. Mwalimu aliamini kinyume chake, na nadhani alikuwa na sababu zake. Hakuna jirani aliyefukuzwa Katanga kwa neno refu la Kifaransa. Neno lililofanya kazi ile lilikuwa fupi na kila mtoto analijua: kwenu. Mrudi kwenu. Nalo halikuisha na zile treni. Mwalimu alipokwenda kuomba hati ya kiwanja aliulizwa, bila ubaya wowote, karibu kwa upole, «Na kwenu utarudia lini?» Aliulizwa parokiani, aliulizwa kwa kinyozi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikuwa nalo, shamba la mihogo alikuwa nalo, na darasa zima la watu waliompenda, lakini ugeni haukumtoka.

Siku aliyoandika ubaoni neno «home» hatukujua tunaingia wapi. Tulidhani ni jepesi. Kijana mmoja akasema ni nyumba. Mke wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, akakataa. «Nyumba niko nayo, lakini iko ya jeshi. Bwana yangu akikufa banatutosha mu nyumba.» Mzee mmoja akasema ni shamba; Mama Dry akakataa, maana lake lilikuwa Malemba na hathubutu kulikanyaga. Mwingine akasema ni mahali ulipozaliwa, akasita katikati ya sentensi, kwa sababu sote tulimtazama mwalimu, naye alikuwa anatazama mikono yake. Ndipo mwanafunzi tuliyemwita Nkambo akasema. Huyu alikuwa bibi mjane, Mluba wa hapahapa, jirani wa familia ya mwalimu tangu enzi za baba karani; alikuja darasani ili aweze kuwasalimu kwa simu wajukuu waliokulia Ndola, Zambia. Neno lake lilikuwa «slow», yaani yule ambaye atafika tu. Alisema polepole kama kawaida yake: «Njo fasi yenye hakuna muntu anakuuliza unarudia lini.»

Mahali usipoulizwa unarudi lini: mmoja baada ya mwingine tukasema imeingia. Mke wa askari alisema imeingia mara mbili. Tulisubiri chaki. Mwalimu alisimama, akaishika chaki, akaenda mpaka alipokaa Nkambo, halafu akarudi ubaoni bila kumpa. «Maana iko muzuri, Nkambo. Inapita yote yenye tulishafanya. Lakini mulinzi wa neno anapaswa kuwa aliiona kwa macho, na mwenye kumupatia chaki pia. Minyi sijaiona bado. Tuiache.» Akafuta ubao kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali, ambayo mfukoni ilikuwa nyeupe siku zote. Neno hilo likabaki bila mlinzi, hata alipougua na kutuacha.

Kwenye kilio cha mwalimu, chini ya bashi lililofungwa kati ya nyumba yake na ya Nkambo, alifika mdogo wake kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Ni mtu wa heshima, mfanyabiashara, aliyeondoka hapa akiwa mtoto mdogo lakini Kiswahili chetu hakijamtoka. Aliwashukuru watu, akaishukuru parokia, kisha akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunaliogopa. Anachukua mwili, treni ikija. «Munisamehe, bamama na bababa. Ndugu yangu hawezi kulala mu udongo ya bantu benye balitufukuza. Tunamurudisha kwetu.» Mtu anapoongea kweli, hata ikikuuma, huwezi kumpigia makelele. Nilimwona Mama Dry akivuta kitenge chake kama anayesikia baridi. Nilihisi, na sioni haya kusema, kwamba mwalimu akipanda treni ile mara ya pili, yote aliyotufundisha yataondoka naye, na sisi tutabaki watu wanaojua Kiingereza kidogo tu.

Nkambo aliinuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hapendi. «Mutoto,» alimwambia yule mfanyabiashara mwenye mvi, «weye nilikubeba ku mugongo hapa mu hii lupango ya manyumba yetu. Sikia. Ile siku ya treni, minyi sikuwafukuza. Lakini nilisimama mu mulango, nikawatazama munapita na mizigo, sikusema kitu. Mama yako akaniangalia. Neno ya kumwambia nilikuwa nayo, nikaimeza. Neno yenyewe ilikuwa: mubaki. Nimeichunga myaka hii yote na hakuna muntu alinipatia chaki.» Akapumua. «Kaka yako alirudia peke yake. Bantu bakamuuliza utarudia kwenu lini, kila siku banamuuliza. Leo weye unataka kumujibia. Nakuomba usimujibie. Pembeni ya bwana yangu kuko fasi. Ilikuwa fasi yangu. Minyi niko slow, nitapata ingine.»

Mdogo mtu aligeukia nyumba ya kaka yake. Akauliza, bila kumtazama yeyote, «Na bale bengine? Beko banakubali?» Mama Dry akasema, «Siye bote.» Mke wa askari akasema, «Imeingia,» kwa sauti ile ya darasani, na wenzake wote waliokuwa chini ya bashi wakasema imeingia, na wale wasiokuwa wanafunzi wakaona wafuatishe. Mdogo mtu aliingia ndani ya nyumba ya kaka yake, akakaa huko peke yake, akatoka macho mekundu. Alikubali kwa sharti moja. Juu ya msalaba pasiandikwe kwamba marehemu alitoka Kasai wala popote. Liandikwe jina lake na chini yake Kamina, basi. Tulimzika pembeni ya mume wa Nkambo, na walinzi wa maneno ndio waliobeba jeneza, wakibadilishana njiani.

Mdogo mtu alikaa nasi hadi matanga yalipokwisha, na zaidi ya hapo. Alikula kwa Nkambo, alikwenda sokoni na Mama Dry, alitembea nyuma ya gare akitafuta mti aliokuwa anaukwea, na katika mji huu wa midomo mirefu hakuna mtu aliyemwuliza treni yake ni ya siku gani. Hatukuwa tumepatana. Kila mmoja alikuwa anajizuia kivyake. Siku aliyotwambia mwenyewe kwamba anaondoka tulimsindikiza gare, na pale kwenye jukwaa, ambapo mama yake alisimama zamani na vyungu vyake, Nkambo alitoa ndani ya kitenge kipande cha chaki, mabaki ya sanduku la marehemu. Akamwekea kiganjani, akamfunga vidole. «'Home' ilikuwa haina mulinzi,» alimwambia. «Kaka yako alisema hakuiona. Weye umeiona?» Alitikisa kichwa kukubali, lakini desturi inadai mlinzi aitamke maana. Tulimsubiri. Treni ilipiga honi, naye akaisema, yote, kwa Kiswahili cha utotoni mwake.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, mjue kwamba maneno yetu yote ya Kiingereza yana walinzi wake hapa Kamina, isipokuwa hilo moja, ambalo linachungwa Mwene-Ditu. Mwalimu alitufundisha kwamba neno halikai kwa mtu anayelijua, linakaa kati ya anayelichunga na anayekwenda kumwuliza. Hilo letu tutalisahau tena, nawajua watu wa mji huu na ninajijua. Siku hiyo mmoja wetu itabidi apige simu Kasai, asalimie kwa adabu, aulize maana yake ni nini. Namba ninayo.