Siku Baba Aliponiuliza Naitwa Nani

Baba alianza kutoweka Jumanne moja, akiwa amesimama mbele yangu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alinipima kiuno, mabega, mikono. Kisha akafungua daftari lake la vipimo vya wateja.

"Niandike jina gani, bosi?"

Nikacheka. "Baba, acha utani."

Hakuwa anatania.

Alikuwa na kisukari miaka ishirini na miwili, na sisi wanawe tulijiona mabingwa wa ugonjwa huo. Vidole vya miguu tulivikagua. Macho tuliyapeleka yakapimwa. Kichwa? Nani akague kichwa!

Kaka yangu, mjuaji wa ukoo mzima, akatoa hukumu huku anatafuna. "Uzee tu huo. Mzee anadeka."

Shangazi naye hakubaki nyuma. "Anajisahaulisha huyo. Nguo za watu zimemshinda."

Daktari alituambia polepole, kama anaongea na watoto wagumu wa kuelewa.

"Sukari ya miaka mingi huumiza mishipa, hata ya ubongo. Si kila mwenye kisukari atapata ugonjwa huu wa kusahau, ila hatari huongezeka. Sindano za insulini msimwachie mwenyewe."

Kaka alisonya mpaka nje ya geti la hospitali. "Kajichoma miaka yote hiyo, leo asimamiwe kama mtoto?"

Basi akaachiwa. Mtu asiyejua jina la mwanawe, tukamwamini ajue dozi yake. Akili zetu hizo!

Asubuhi moja alitoka chumbani na kiboksi cha insulini mkononi.

"Nimeshachoma?"

"Bado," akajibiwa.

Akachoma. Ilikuwa mara ya pili asubuhi hiyo.

Tulimkuta ameinamia cherehani, jasho limelowesha kitambaa. Sukari ilikuwa imeshuka mno, hakuamka tena.

Msibani nilimtazama kaka kwa dharau siku tatu mfululizo. Watu wakaelewa kwamba kosa ni lake. Nikawaacha waelewe hivyo.

Aliyejibu "bado" ni mimi. Hata macho sikuyainua kwenye simu.

Mgonjwa wa sukari akianza kusahau, msikae kumpa majina. Chukueni sindano mikononi mwake, na akiwauliza jambo, mtazameni kwanza.

Mwaka huu nimepimwa sukari. Nami ninayo.

Cherehani yake iko chumbani kwangu, na makopo yake mawili ya vifungo. Kila nikimaliza kuchoma, nahamisha kifungo kimoja kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia, nisije nikamuuliza mtu kama nimeshachoma.