Aliyeondoka Bila Kusindikizwa

Makumbusho niliyokuwa nikiyalinda na kuyafagia yako kando ya barabara iendayo Hatta, huku nchi za Waarabu, mahali pakiwa ambapo ukipiga chafya leo, mwangwi unakurudia kesho. Arbab wetu, yaani bosi, mzee mwenye mali na subira, alikusanya humo kila kilichowahi kusafiri: matandiko ya ngamia, viriba vya ngozi, jiwe la kisima lililochimbwa mifereji na kamba za wapitaji, na sanduku moja la mbao lililopambwa kwa njumu za shaba, kutoka Unguja. Wageni wengi waliingia kutafuta choo tu. Mimi nikawashika kwa maneno. Historia niliisoma kwenye masomo ya jioni, jicho moja limelala, kwa hiyo nilipokosa habari nilijaza mwenyewe. Kiriba kikawa kimenywesha jeshi zima. Ngamia wa tandiko la kati akawa na akili kushinda wakili.

Alasiri moja kijana wa Kiarabu aliingia akisukuma kiti cha magurudumu. Juu yake alikaa bibi kizee, baibui safi, viatu vimefungwa sawasawa, kifurushi mapajani. Kijana alikuwa amebana kopo la tende kwapani. Nilianza hotuba yangu ya ngamia kwa Kiingereza, lakini bibi hakumtazama ngamia wala mimi. Walipofika kwenye sanduku alinyoosha mkono, akazipapasa njumu moja moja, akasema kwa sauti ndogo:

"Jamani, mbona hamnisindikizi?"

Nililaza fagio chini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Aligeuka upesi kuliko nilivyodhani shingo ile ingeweza. "We wa wapi?"

"Tabora, bibi."

"Ah, bara." Akanikagua toka juu hadi chini. "Haya, si kosa lako."

Nilicheka. Kijana hakucheka. Alinishika mkono kama mtu anayezama.

"Unamwelewa? Bibi yangu Kiarabu kimemtoka chote. Nyumbani aliyejua lugha hii ni dada yake tu, naye tumemzika. Kila alasiri anavaa viatu, anakaa mlangoni, anasema maneno hayo hayo. Tukimvua viatu analia. Sasa hata kula hali. Madaktari wanatafuta maumivu. Muulize, anaumwa wapi?"

Nikachuchumaa, nikamuuliza. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Alikuwa msichana, huko Unguja. Mama yake aliwaamsha yeye na dada yake alfajiri, akawaambia wasikohoe, wakatoka kwa mlango wa uani. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa bado amelala.

"Hakuamshwa. Hata barazani hakunifikisha. Mtu haondoki hivyo, mwanangu. Usiposindikizwa hujaondoka, unakuwa umepotea tu."

Nilimfasiria kijana. Akajifuta uso.

"Basi mwambie alisindikizwa. Mwambie bibi yake aliamka, akamfikisha. Khalas, yamekwisha. Wewe si hodari wa kusimulia?"

Mimi, niliyempa ngamia akili za wakili, hadithi hiyo ilinishinda. Nilipoondoka Tabora mtaa mzima ulinifikisha stendi, na naweza kuapa mbuzi nao walikuja. Mama hakuniachia mkono mpaka basi lilipoanza kutembea. Sasa nimwambie mtu anayekumbuka kila kitu kwamba amekumbuka vibaya? Nikatazama huku na huku. Arbab alikuwa amekusanya vyote vilivyokwenda. Cha wasindikizaji, wale waliofika hadi njiani wakarudi, hakikuwamo hata kimoja.

"Bibi," nikasema, "hebu nipe kifurushi chako."

Akanitazama. Kwetu msindikizaji ndiye hubeba mzigo, na kwao pia, maana alinikabidhi. Kilikuwa chepesi, kanga tu.

Arbab alikuwa ameniambia mara elfu moja nisiuache mlango. Nikauacha. Kijana alitaka kumpeleka kwenye gari, nikamwambia hapana, tufuate barabara kwa miguu, hadi kwenye ule mti wa mgunga ulioko mbele. Malori yalipita yakitupulizia mchanga. Jua lilikuwa la kukaanga samaki juu ya lami. Nikatembea kando ya kiti, nikimuuliza yale tunayoulizana siku zote.

"Hujasahau kitu, bibi?"

"Sijasahau."

"Maji unayo?"

"Ninayo."

"Ukifika utusalimie."

"Zitafika."

Kijana alisukuma kiti. Hakuelewa neno, ila alipunguza mwendo mwenyewe, kama miguu yake ilikuwa inajua jambo ambalo hakuwahi kufundishwa.

Chini ya mgunga bibi aliinua kiganja. Tukasimama.

"Basi, rudi mwanangu. Panatosha hapa. Jua kali, na nyumba umeiacha wazi."

Nikamrudishia kifurushi kwa mikono miwili. Nikamwambia: "Safari njema, bibi."

"Haya. Nanyi kaeni salama."

Msindikizaji akishaambiwa arudi, harandirandi. Nilirudi kwa hatua za haraka, macho mbele, kama nilivyofundishwa nyumbani kwamba kumgeukia msafiri ni kumvuta nyuma. Nilipokanyaga kizingiti ndipo nilipojiruhusu kutazama.

Kijana alikuwa amepiga magoti mchangani na kanzu yake nyeupe, anamvua bibi yake viatu. Bibi hakulia. Mkono wake ulikuwa ndani ya kopo la tende, na alikuwa akitafuna.