Shangazi Pindua na Viti Sita vya Mahameli

Shangazi yangu hajawahi kukaa kwenye kiti asichokijua. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kwanza anakipindua. Chai imeshamiminwa, wenyeji wanatabasamu, yeye kapiga magoti anapapasa chini ya kochi la watu kama aliyepoteza hereni. Ndiyo maana mtaani wanamwita Pindua, na ndiyo maana mialiko yake si mingi.

Ni fundi wa makochi, mwaka wa thelathini na mbili huu. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi za nyumba, chenye meza ya kukatia, cherehani inayopiga kelele kuliko wateja, na fremu za viti zilizotundikwa ukutani. Mimi ni mbunifu wa mambo ya ndani. Nina cheti, nina kadi zenye jina langu kwa herufi za kulala, na ninaweza kuitaja rangi ya kijani kwa majina kumi na tano. Shangazi anaamini hiyo ndiyo elimu yote niliyoambulia.

Mwaka huu nilipata kazi yangu ya kwanza ya maana: chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Viti sita. Daktari aliniambia wazi kwamba akivipenda atanipa na kliniki zake mbili nyingine, asipovipenda tutaagana kwa amani. Basi nikaingia duka la samani kama msomi, nikachagua viti vya kupendeza, nikampeleka Shangazi avione.

Muuzaji alikuwa na tai na manukato ya kutosha watu watatu. Shangazi alikipindua kiti cha kwanza, akachana kwa ukucha kona ya kile kitambaa cheusi cha chini, akaingiza mkono.

"Mama, hapo hapachanwi," muuzaji akasema.

"Najua. Mngetaka pachanwe msingepafunika."

Akaushika na mkono wangu, akauingiza humo humo mbele ya wateja. Nikapapasa. Fremu ilikuwa ya mbao za unga, zile zinazotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi, na kona zake zilishikwa na pini tu. Mahali pa springi palikuwa na mikanda miwili ya mpira. Pale mkono unapoegemea walikuwa wametandika karatasi ya boksi. Shangazi akakirudisha kiti kwenye miguu yake, akabonyeza sponji kwa kidole gumba, tukasubiri. Shimo halikuonyesha dalili ya kuondoka.

"Hiki kitakaliwa miezi mitatu," akasema. "Baada ya hapo mgonjwa atakaa sakafuni na jino linamuuma vilevile. Wewe ulikipendea nini?"

"Rangi."

"Rangi," akarudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Nikamweleza kwamba kile kilikuwa kijani cha msitu uliotulia. Akaniuliza msitu huo ulikuwa umefanya fujo gani.

Viti akasema atatengeneza mwenyewe. Kwa wiki sita nilishinda karakanani, kazi yangu ikiwa kukaa pembeni na kuambiwa sijui kitu. Alitumia mbao ngumu zilizokauka mwaka mzima, akaziunganisha kwa vigingi na gundi. Kila springi aliifunga kwa kamba pande nane, akiivuta na kuisikiliza. Akatandika gunia, kisha sponji nzito. Kila hatua aliipitishia kiganja. Aligonga mbao akasikiliza, alifinya mshono akanung'unika. Nilipomuuliza mbona haangalii, alijibu kwamba macho ni ya wateja. Nilidhani ni maringo tu, na maringo yalimpendeza.

Mahameli niliipeleka mimi, jora zima la kijani. Alinikalisha chini nifundishwe kwamba mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja, na fundi akikata kipande kimoja huku na kingine kule, mwanga ukipiga utadhani kiti kimeungwa viraka. Nilimwomba nimsaidie kukata. Akasema mkasi wake hauna cheti, hatutaelewana.

Asubuhi ya siku moja kabla ya kukabidhi, alinifungulia mlango. Viti sita vilikuwa vimepangwa mstari mmoja. Vinne vya kijani. Viwili vya bluu.

Haikuwa bluu ya kubishania. Kando ya meza liliegemea jora la mahameli ya bluu lililobaki kwenye kazi ya mwaka jana, nalo lilikuwa limepungua sana.

"Pitisha mkono," Shangazi akasema, kajishika kiuno.

Nikapitisha. Manyoya yote yalilala kuelekea chini, kwenye viti vyote sita. Mishono ilinyooka. Nilibonyeza sponji, ikanirudisha. Sijawahi kugusa kazi nzuri kama ile. Nikakumbuka kwamba siku hizi sindano anatungiwa na mwenye duka la rangi, eti anamtafutia shughuli. Nikakumbuka anavyonipa simu nimsomee ujumbe, eti watu hawajui kuandika.

"Mbona kimya? Kiti kibovu unakieleza saa nzima."

"Shangazi, viwili ni vya bluu."

Hakubisha, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisogea, akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, akakaa hivyo muda mrefu. Kiti alichokiinamia kilikuwa cha kijani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi. Ukungu tu."

"Hospitali?"

"Wataniambia niache kushona. Sasa nikae na nani, na wewe?"

Niliumia, nikafanya ninachofanya nikiumia: nikaongea. Nikamwambia asijali, kwetu wabunifu kosa huitwa chaguo. Nitamweleza daktari kwamba bluu inakipa chumba pumzi, ataitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, na kliniki mbili tutazipata.

Shangazi alinyooka.

"Hayo maneno ni mbao za unga," akasema. "Umeyavalisha mahameli. Lete koleo."

Tukang'oa pamoja pini za kitambaa kwenye vile viti viwili mpaka mchana. Daktari alivipata viti vyake kesho yake jioni badala ya asubuhi, akalalamikia kuchelewa, akakaa, akaacha kulalamika. Siku mbili baadaye alinipigia kuhusu kliniki ya pili.

Lakini siku ile, kabla ya kukata upya, Shangazi aliyalaza majora yote mawili mezani, akaweka kiganja juu ya la kwanza.

"Hili?"

"Bluu."

"Na hili?"

Nilikuwa na majina kumi na tano tayari mdomoni.

"Kijani."

"Kijani gani?"

"Kijani tu, Shangazi."

Akapapasa meza mpaka akaipata chaki, akanishikisha.

"Basi andika, kwenye kila jora," akasema. "Na uandike makubwa. Zile herufi zako za kulala siwezi kuzisoma."