Kikundi cha Kutengeneza Mito

Barua ile niliiandika mimi, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nasema mapema, maana hapa Tandale watu huisimulia habari hii kana kwamba Eufrazia ndiye aliyekosea, na Eufrazia wa watu hakuwahi hata kushika kalamu.

Alikuwa jirani yangu, mke wa Nikodemu mchonga vinyago. Walitoka Newala mwaka mmoja baada ya Uhuru, wakapanga vyumba viwili nyuma ya kwetu, hatua chache tu kutoka Mto Ng'ombe. Kwao maji yalikuwa chini bondeni. Msichana aliteremka alfajiri na mtungi mtupu, akarudi jua likiwa la utosi, na akijikwaa njiani akayamwaga, alilia. Basi siku ya kwanza alipoona maji yanapita nyuma ya nyumba yenyewe, bila kubebwa na mtu, alikaa kitako akayatazama mpaka wali ukaungua jikoni.

Halafu akaniona mimi nakuja na karai la maganda ya mihogo, namwaga humo humo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu haya maganda yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakwenda na maji. Akauliza, na maji yanakwenda kwa nani? Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na kazi zangu. Lakini kesho yake maganda niliyafukia.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa maswali. Alitaka kujua kwa nini mto unaitwa Ng'ombe, na wazee wa Kizaramo, baba yangu mmojawapo, wakampa majibu manne yasiyofanana, kila mmoja akiapa kuwa lake ndilo. Siku moja alifunga kibwebwe akaufuata mto kwenda juu, ajue unakoanzia. Alirudi jioni ana tope mpaka magotini. Alisema alifika mahali unagawanyika, akashindwa kuamua upi ni mto na upi ni mgeni wake. Jambo hilo lilimsumbua wiki nzima. Nikodemu akamchongea fimbo ya mpingo, na kila Jumapili Eufrazia aliisimamisha mtoni mahali pale pale, penye jiwe bapa, akakata alama maji yalipoishia. Upande mmoja alama za masika, upande wa pili za kiangazi.

Kikundi hakikuanzishwa na mtu, kilijikusanya chenyewe. Yeye akitoka kanisani, na sisi wengine tukishaswali adhuhuri, tulishuka mtoni. Tulianza na taka: makumbi, vitambaa, makopo, matawi yaliyoziba njia ya maji. Tukimaliza, muda uliobaki ulikuwa wetu. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukala mihogo ya kuchoma, tukatia miguu majini. Wanaume walicheza bao kivulini. Wanawake tulikuwa na kidimbwi chetu nyuma ya matete, na humo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nilijifunza kuelea na kanga yangu kifuani. Wapita njia walituona wehu. Sijawahi kufurahi vile tena.

Katikati ya mwaka sabini na tatu, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nassibu, alituita barazani kwake. Alisema kuna kamati inatafuta mahali pa kutupa taka za sokoni, na bonde letu limeshatajwa. Njia ilikuwa moja: tuwe kikundi kinachotambuliwa, chenye cheti, ndipo aweze kutuombea bonde tulitunze sisi. Tukichelewa, jaa likishaanza haliondoki. Siku hiyo Eufrazia hakuuliza swali hata moja. Mimi niliingiwa na hofu zaidi kuliko kama angelia.

Barua nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa namaliza kisomo cha watu wazima na nilijidai sana. Niliandika: "Sisi ni kikundi cha kutengeneza mito. Tunaomba kutambuliwa na kupewa vifaa." Mto wetu ulikuwa mmoja, lakini niliona barua ya serikalini haifai kutaja kitu kimoja kimoja, wingi una heshima zaidi. Na kutengeneza kwetu ni kuweka sawa. Unatengeneza kitanda, unatengeneza nywele, kwa nini usitengeneze mto? Niliisoma mara tatu nikaipenda.

Baada ya mwezi likaja gari, likashusha magunia mawili ya sufi, jora la marekani, nyuzi na sindano. Barua iliyofuatana navyo ilitupongeza kwa kuitikia wito wa kujitegemea, ikasema afisa maendeleo atakuja baada ya wiki tatu kuiona mito tuliyokwisha kuitengeneza na kutukabidhi cheti.

Nilisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Nilipofika kwenye sindano, nikarudia mstari ule. Tulikuwa tumekusudia majembe na toroli, tumeletewa vya kushonea mito ya kulalia. Mzee Nassibu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake. Nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo, nikipita, watu waliniuliza kama mto wangu ni wa sufi au wa pamba.

Balozi alipomaliza kucheka akatoa shauri. Tushone. Mito ishirini tu, afisa aione, cheti tukipate, mambo yaishe. Karibu wote waliafiki, na mimi nilikuwa wa kwanza, nifute aibu yangu. Eufrazia akakataa. Hakupandisha sauti.

"Tukipewa cheti cha foronya," alisema, "siku jaa linakuja tutalizuia kwa foronya?"

Nikamwambia bila cheti chochote jaa litakuja vilevile, na yeye ndiye atakayelala nalo mgongoni. Akasema analijua hilo. Kisha akaomba magunia yawekwe chumbani kwake. Kwa wiki tatu alilala na sufi ya watu pembeni mwa kitanda, hakugusa hata uzi.

Afisa aliitwa Revelian, mtu wa Bukoba, kijana mwenye kaunda suti na mkoba. Alituita ndugu sote, hata baba yangu, naye baba akamjibu marahaba, kumkumbusha kwamba hajaamkiwa. Yule kijana akaona haya, akatoa shikamoo. Kisha akauliza mito iko wapi. Eufrazia akamwambia amfuate. Akateremka naye bondeni, sisi tukifuata kama msiba, mpaka kwenye jiwe bapa.

"Ndugu, mie ningependa kuiona mito yenyewe," alisema Revelian.

"Mto ndio huu, mwanangu. Tunao mmoja tu."

Kijana aliutazama mto, akatutazama. Uso ulimbadilika. Alisema kwa ukali kwamba sufi ile ni mali ya umma na serikali haifanyiwi mzaha. Eufrazia akamjibu magunia yako chumbani, kamba zake hazijafunguliwa, na marekani haijakatwa. Achukue awape wanaojua kushona. Mimi nikajitokeza, nikasema barua niliandika mimi.

Revelian alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka alipoiona ile fimbo mkononi mwa Eufrazia. Akauliza ni ya nini. Eufrazia akamwonyesha alama, na kijana akachuchumaa, akaanza kuzipitisha kidole. Akauliza kwa nini maji ya kiangazi cha mwaka huu yamepita yale ya mwaka jana, wakati mvua zilikuwa chache. Eufrazia akamwambia kule juu, kwenye kona, magogo na makumbi yalikuwa yameziba, tukayatoa kwa siku nne. Kijana akauliza na hizi tatu zilizokaribiana? Na mto unaanzia wapi? Na mbona unaitwa Ng'ombe? Hapo nikajua amepatikana. Walikaa kwenye jiwe lile mpaka chai ikapoa, viatu vyake vikiwa kando na suruali amekunja.

Mwishowe akafungua mkoba, akatoa cheti. Kilikuwa kimeshapigwa chapa na muhuri. Akakisoma kimoyomoyo, akakisoma tena, akaanza kutabasamu. Kisha akakisoma kwa sauti: Kikundi cha Kutengeneza Mito, Tandale.

"Sioni kosa hapa," alisema. "Neno hili sie ndio tulilisoma vibaya."

Akanikabidhi mimi. Nililia mbele ya watu, na sikujali.

Magunia yalirudi yalikotoka. Cheti Mzee Nassibu alikipeleka kwenye kamati, na taka za sokoni zikatafutiwa kwingine. Eufrazia aliniomba nimwonyeshe kwenye karatasi ni wapi palipoandikwa mto wetu. Nikamwekea kidole. Alilitazama neno lile kwa muda mrefu, kama siku ile ya kwanza alivyoyatazama maji.

Jumapili iliyofuata, juu ya alama zote za ile fimbo, nilikuta herufi nne zimekatwa kwa kisu, zimepinda pinda, hazikuwa kazi ya Nikodemu. Zilisema MITO. Ndilo neno la kwanza Eufrazia kuandika maishani mwake, naye akaniuliza kwa kunong'ona kama yuko sawa.

Mto wetu ulikuwa mmoja. Nikamwambia yuko sawa.